Anayezitambua aikoni za simu, je, anasoma? Swali kuhusu picha na mpaka wa maandishi

Mwalimu wa Jioni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninafundisha darasa la watu wazima la kusoma, kuandika na kuhesabu katika mkoa wa Dodoma, na kumezuka ubishi kati yangu na mwalimu mwenzangu ambao ningependa mnisaidie kuutafakari. Wanakisomo wetu wengi, wakiwemo akina mama ambao hawakuwahi kupelekwa shule, wanatumia simu janja bila shida yoyote: wanajua kwamba kipaza sauti ni cha kurekodi ujumbe wa sauti, kwamba pipa la taka linafuta, na kwamba mkono wa simu wa kijani unapokea na ule mwekundu unakata. Mmoja wao humtumia binti yake aliye mjini ujumbe usio na herufi hata moja: mahindi, mvua, mikono miwili iliyokutanishwa, na binti humjibu kwa mtindo huohuo. Mwenzangu anashikilia kwamba mama huyu tayari anasoma na kuandika, ila kwa maandishi ya aina nyingine, na kwa hiyo tunamkosea tunapomworodhesha miongoni mwa wasiojua kusoma. Anaongeza kwamba maandishi yote yalianza kwa picha, kwa Wasumeri na kwa Wamisri, na kwamba Wachina wanaandika kwa picha hadi leo.

Kwa upande wangu nasita. Huku kwetu kuna michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna wanyama, kuna watu waliorefushwa miili, na sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba anaisoma. Tunaitazama, tunaistaajabia na kukisia ilikusudia nini. Ikiwa michoro hiyo haihesabiwi kuwa maandishi, kwa nini aikoni zihesabiwe? Na ikiwa aikoni nazo hazimo, ni jambo gani hasa lililoigeuza picha ya Mmisri ikawa maandishi? Suala la heshima kwa wanakisomo wetu halina ubishi kati yetu. Ninachokitafuta ni mpaka wenyewe uko wapi.

Mwanaisimu amejibu:

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nitatanguliza jibu kabla ya sababu: aikoni si maandishi, na ujumbe wa mama huyo, ingawa ni mawasiliano kamili kati yake na binti yake, nao si maandishi. Maandishi hufungamana na lugha fulani kiasi kwamba mtu anayeijua lugha hiyo pamoja na alama zake anaweza kuyatoa tena maneno yaleyale aliyoyaweka mwandishi, hata kama hamjui mwandishi huyo, hata kama amekwisha kufa miaka elfu iliyopita. Sasa chukua mahindi, mvua na mikono, uwape watu watatu wasiomjua mama. Wa kwanza atasema, "Mvua imenyesha, mahindi yamestawi, tumshukuru Mungu." Wa pili atasema, "Mvua imeyaharibu mahindi, tuombeeni." Wa tatu atasema, "Mahindi yanakauka, ombeni mvua inyeshe." Hakuna aliyekosea kati yao, kwa sababu picha hazikusema lolote kuhusu wakati, wala ukanushi, wala nini kilisababisha nini. Binti anaelewa kwa kuwa analijua shamba la mama yake na anajua msimu umekwendaje, na ujuzi huo hauko ndani ya alama.

Kwamba maandishi ya kale yalitokana na picha ni kweli, lakini mwenzako anairuka hatua iliyo kubwa kuliko zote. Vibao vya udongo vya mji wa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, vya takriban mwaka 3200 KK, vingi ni hesabu za makarani: shayiri kiasi hiki, bia kiasi hiki, kondoo wangapi. Kichwa cha mtu kikiwa pamoja na bakuli kilimaanisha kula au posho ya chakula. Alama ziliwekwa ndani ya visanduku bila kufuata mpangilio wa maneno katika sentensi, na viambishi vya sarufi havikuonyeshwa, ndiyo maana wataalamu hadi leo wanajadiliana ni lugha gani waliyoizungumza makarani wa mwanzo. Vibao hivyo ni daftari la stoo, na daftari zuri sana, lakini huwezi kuandika humo barua ya kumlaumu ndugu yako.

Mageuzi yalikuja pale alama ilipoanza kutumika kwa sauti yake. Kwa Kisumeri, lugha ya kale ya huko huko kusini mwa Iraki, mshale uliitwa *ti*, na uhai nao ulitamkwa *ti*. Uhai hauchoreki, mshale unachoreka. Basi karani akachora mshale ili usomwe "uhai". Kwa Kiswahili ingekuwa kama vile, ukitaka kuandika kwamba ndege amepaa, umchore paa, yule mnyama wa porini: msomaji hatakiwi tena kumfikiria mnyama, anatakiwa kulisikia jina lake. Mbinu hii haina maana yoyote kwa mtu asiyejua Kiswahili, na hapo, Mwalimu, ndipo ninapouona mpaka. Picha ikishaihitaji lugha fulani ili ifahamike, imevuka.

Kuhusu Misri, kosa la mwenzako ni la siku nyingi na liliwapoteza watu wakubwa. Katika karne ya 17 Athanasius Kircher, padri Mjesuiti aliyekuwa Roma, alizichukulia hieroglifu, yaani alama za maandishi ya Misri ya kale, kuwa picha za mawazo ya siri, akatoa tafsiri ndefu za nguzo za mawe za Kimisri ambazo hazikukaribia kabisa kile kilichoandikwa. Msomi Mfaransa Jean-François Champollion alipolifumbua fumbo hilo mwaka 1822 aliyategemea sana majina ya watawala, akiyalinganisha jina la Ptolemaio na la Kleopatra, na katika majina hayo simba aliyejilaza hahusiki na simba hata kidogo: anasimama mahali pa sauti *l*. Zingatia kwamba ufunguo ulikuwa majina ya watu, nitalirudia jambo hili nikijaliwa.

Wachina nao hawaandiki kwa picha. Sehemu kubwa ya herufi zao ina kipande kinachodokeza maana na kingine kinachodokeza matamshi. Herufi ya "mama" ina kipande cha mwanamke na kipande cha farasi, kwa sababu farasi kwa Kichina huitwa *ma* kama mama, ila kwa toni nyingine.

Mbunifu wa Programu amejibu:

Nayaheshimu maelezo ya Mwanaisimu, lakini naona kigezo chake kinafukuza vitu vingi mno. Andika ubaoni 7 + 5 = 12. Mtanzania, Mrusi na Mjapani watausoma mstari huo kwa maneno yasiyofanana hata kidogo, na maana haitapungua wala kuongezeka. Je, tuseme hesabu si maandishi kwa kuwa haijafungwa kwenye lugha moja? Noti za muziki je? Mwaka 1985 mwanaisimu Geoffrey Sampson alitetea kwamba mifumo inayoonyesha maana bila kupitia sauti nayo inastahili kujadiliwa kama maandishi. John DeFrancis alimpinga vikali mwaka 1989, ila kupingwa si kushindwa.

Kazi yangu ni kubuni sura za programu, na siku zote ninashughulika na aikoni, kwa hiyo niruhusuni nieleze jambo ambalo halionekani kwa anayezitumia tu. Kompyuta ya Xerox Star ilipotoka mwaka 1981, karatasi, folda na kikasha cha barua kwenye kioo chake vilichorwa ili vifanane na vitu vya ofisini, na karani aliyevijua vitu hivyo alivitambua. Leo hali ni tofauti. Diski ya kuhifadhia kazi bado imo katika programu nyingi, na vijana wanaoibofya hawajapata kuishika diski yenyewe mkononi. Kwao ni mraba wenye kona iliyokatwa, unaomaanisha "hifadhi". Ile alama ya kitanzi chenye pembe nne kwenye kibodi za Macintosh, ambayo Susan Kare aliichagua kwa ajili ya kompyuta ya mwaka 1984, ilikuwa ikitumika nchini Sweden kuonyesha mahali panapofaa kutembelewa, na anayeibonyeza hana habari na Sweden. Alama hizi zimeacha kufanana na kitu na zimebaki kuwa makubaliano ya watu. Herufi A nayo ilikuwa kichwa cha ng'ombe hapo kale, na leo hakuna amwonaye ng'ombe. Ikiwa A iliruhusiwa kusafiri njia hiyo, kwa nini diski ikataliwe?

Mpiga Kura wa Nakuru amejibu:

Nichangie kidogo kutoka Kenya. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, ndizi ilikuwa alama ya kuikubali na chungwa alama ya kuikataa, ili hata asiyejua kusoma apige kura yake mwenyewe. Chungwa lilishinda, na likakipa chama kizima jina lake. Lakini yule asiyekuwepo Kenya mwaka ule, ukimwonyesha karatasi ya kura iliyofutwa maneno, ataona matunda mawili. Maana ilitangazwa kwanza kwa mdomo, redioni na kwenye mikutano ya hadhara, ndipo picha ikaibeba.

Kenya vilevile ilikuwa miongoni mwa nchi 11 ambako alama mpya ya hatari ya mionzi ilijaribiwa kabla ya kutangazwa mwaka 2007 na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na Shirika la Kimataifa la Viwango. Alama ya zamani, ile ya mabawa matatu yanayozunguka kitone, haikumwambia chochote mtu ambaye hakufundishwa maana yake, na kulikuwa na watu walioumia na kufa kwa kufungua vifaa vya mionzi bila kujua. Hiyo mpya ina mawimbi yanayoshuka, fuvu na mifupa, na mtu anayekimbia. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha pande zote mbili: picha iliyobuniwa vizuri humfikia mtu wa lugha yoyote, lakini ilichukua miaka kadhaa ya kuwauliza watu ili kusema mambo mawili tu, kwamba kuna hatari na kwamba uondoke.

Mzaliwa wa Katanga amejibu:

Jambo, wandugu. Nimesoma hoja zote kwa makini, na ningeomba msiyafunge mazungumzo kabla ya kuutazama ubao wa Waluba, watu wa huku kwetu Kongo, uitwao lukasa. Ni kipande cha mti kinachokaa vizuri katika kiganja, chembamba katikati, kilichopachikwa shanga za rangi na ukubwa mbalimbali, na pengine kauri, huku upande wake wa nyuma ukiwa na michoro iliyochongwa. Watu wa chama cha Mbudye, ambao ndio waliokuwa watunzaji wa historia ya ufalme, walikishika kwa mkono mmoja na kupitisha kidole cha mkono mwingine juu ya shanga, wakisimulia habari za wafalme, nasaba, safari na mahali patakatifu. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Wataalamu wawili wangeweza kutoa simulizi zisizofanana kutoka katika ubao mmoja, kulingana na tukio na wanaosikiliza.

Kwa kigezo cha Mwanaisimu, lukasa haimo, na nikiwa mkweli sioni jinsi ya kukipinga kigezo chenyewe. Kinachoniuma ni matumizi yake. Tumeambiwa kwa miaka mingi kwamba watu wasio na maandishi hawana historia, na hukumu hiyo ilitolewa na watu ambao hawakuwahi kukaa chini na mtu wa Mbudye wakamsikiliza. Ndiyo maana Mwalimu anapouliza kama mama yule aorodheshwe miongoni mwa wasiojua kusoma, mimi ninaelewa kwa nini mwenzake amechukizwa.

Mwanaisimu amejibu tena:

Ndugu yangu wa Katanga, nakubaliana nawe kwa moyo wote. Kusema kwamba lukasa haikuyaandika maneno ni kueleza namna inavyofanya kazi, na mtu anayetoka hapo akahitimisha kwamba Waluba hawakuwa na historia amefanya dhuluma ambayo isimu haimruhusu kuifanya.

Kwa Mbunifu, nianze na ng'ombe. Herufi A haikupata kuwa maandishi kwa sababu watu walimsahau ng'ombe. Ilikuwa maandishi tangu siku watu wa jamii ya lugha za Kisemiti walipokichora kichwa chake ili kiwakilishe sauti ya kwanza ya jina lake, *alefu*, wakati pembe zilikuwa bado zinaonekana wazi. Diski imesahaulika kama ulivyosema, lakini haijapewa sauti, na kusahaulika peke yake hakutoshi. Kuhusu 7 + 5 = 12, hoja yako ni nzito zaidi na sitaikwepa: hesabu ina alama zake na sarufi yake iliyo kali kuliko ya lugha nyingi. Ila ni sarufi ya uwanja mmoja. Ndani yake huwezi kumjulisha mtu kwamba shangazi yake anaumwa, na vivyo hivyo noti za muziki. Ukitaka kuiita maandishi ya hesabu sitagombana nawe, mradi tukubaliane kwamba maandishi ya lugha yanaweza kubeba chochote kinachoweza kusemwa.

Afrika ina mfano mmoja ambao haunitoki akilini, kwa sababu njia ambayo Wasumeri waliipita kwa karne nyingi hapa ilipitwa na mtu mmoja katika maisha yake. Mfalme Njoya wa Wabamum, huko Foumban, Kameruni, alianza kubuni mwandiko wa lugha yake mnamo mwaka 1896. Inasimuliwa kwamba aliota ndoto akiambiwa achore mkono juu ya ubao, auoshe, na ayanywe maji yale. Watu wa pwani yetu wanaojua kombe, yaani maandishi ya Kurani yanayooshwa na maji yake kunywewa kama dawa, wataitambua desturi hiyo mara moja. Akawaomba watu wake wamletee michoro ya vitu mbalimbali, na mwandiko wa kwanza ukawa na alama zaidi ya 500, nyingi zikiwa picha. Haukumridhisha. Kila alipoufanyia marekebisho alipunguza alama na kuzikaribisha zaidi kwenye silabi, mpaka kufikia mwaka 1910 zikabaki karibu 80, katika mwandiko unaoitwa *a-ka-u-ku* kwa kufuata alama zake nne za mwanzo. Kwa mwandiko huo Wabamum waliandika historia yao, mambo ya tiba na kumbukumbu za utawala. Njoya hakuwa na mwanaisimu wa kumfundisha kwamba picha hazitoshi. Aliligundua mwenyewe, kwa kuandika, kwa sababu kila mara alikuwa na jambo la kusema ambalo picha zake zilishindwa kulibeba. Serikali ya kikoloni ya Wafaransa ilimwondoa Foumban, naye akafia Yaoundé mwaka 1933.

Kuna jambo moja ambalo ninamwachia Mbunifu bila kinyongo. Emoji inayosimama peke yake na emoji inayofuata maneno si kitu kimoja. Wamisri walikuwa na alama zisizotamkwa ambazo ziliwekwa mwishoni mwa neno ili kuonyesha ni neno la aina gani. Baada ya vitenzi vya kwenda na kutoka, kwa mfano, walichora miguu inayotembea. Mtu anapoandika "haya, nimekusikia" na kuongeza uso unaocheka, au uleule mstari na uso uliokasirika, uso huo hautamkwi lakini unaamua jinsi maneno yanavyosomwa, na kazi hiyo inaikaribia sana ile ya miguu ya Wamisri. Shigetaka Kurita alipozibuni picha 176 za simu za Japani mwaka 1999, kila moja ikiwa na vitone 12 kwa 12, zilikusudiwa zikae ndani ya jumbe fupi. Toleo la mwaka 2010 la Unicode, orodha ya alama zinazotambuliwa na kompyuta zote, lililoziingiza mamia ya emoji katika viwango vya kimataifa ndilo pia lililoziingiza alama za awali za Njoya, zile alizokuwa ameziacha. Zimo katika orodha moja, lakini orodha ya kompyuta hupokea alama yoyote inayohitaji kutumwa, na haitoi hukumu kuhusu swali letu.

Mwalimu, niliahidi kurudi kwenye majina. Ukitaka kujua kama mfumo wa alama umevuka mpaka, mwombe mtumiaji wake aandike jina la mtu. Mwambie mama amtajie binti yake, kwa picha peke yake, kwamba fulani amefika nyumbani, na fulani huyo asiwe mtu ambaye binti anatarajia kusikia habari zake. Kama jina lake ni Maua, picha ipo. Kama ni Rehema au Juma, picha zitamwishia, na hapo atakuwa na njia mbili: kurekodi sauti, au kutafuta alama za re, he na ma.

Mwalimu wa Jioni amejibu:

Nawashukuru nyote, na nimemsomea mwenzangu majibu yenu yote kwa sauti. Bado yuko upande wa Mbunifu kuhusu hesabu, na nadhani atabaki huko, lakini kipimo cha jina kimemgusa, kwa kuwa jambo la kwanza ambalo karibu kila mwanakisomo wetu huomba afundishwe ni kuandika jina lake na majina ya watoto wake. Hakuna aliyewahi kuomba afundishwe kuandika mahindi.

Tumekubaliana hivi. Katika daftari la darasa mama huyo atabaki miongoni mwa wanaoanza kusoma, kwa sababu hilo ndilo linalompa haki ya kiti chake na kitabu chake, na pembeni tutaandika kwamba anatumia simu na kutuma ujumbe bila kusaidiwa, jambo ambalo fomu yetu haikuwa na nafasi yake. Nalo somo la silabi sitalianza tena kwa a, e, i, o, u. Nitachora kaa la moto ubaoni, niwaombe wanitajie jina lake, kisha niwaambie kwamba sasa mchoro huo ni agizo kwao. Wakiisha kuketi nitawaonyesha jinsi ya kuiandika sauti ile kwa herufi, halafu tutaendelea na majina ya watoto wao, tukianza na yale yasiyochoreka.